Jumapili Tulizofundishwa Kupigwa

Tulimzika Senge Tabutany mwezi wa Aprili, katika shamba lake dogo upande wa Kabianga, mvua ikinyesha bila kutuhurumia. Senge ni dada ya baba, na kwetu Wakipsigis shangazi wa namna hiyo ana ruhusa ya kukukaripia hata ukiwa na wajukuu. Mimi nina miaka arobaini na minane, nimefundisha shule za msingi zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu hunyamaza wakisikia viatu vyangu. Lakini siku hiyo, mbele ya jeneza, nilijikuta nimeficha mikono chini ya leso kwa sababu kucha zangu zilikuwa na rangi. Wakati wa hotuba mama mmoja mnene mwenye kofia ya buluu alichukua kipaza sauti, akajitambulisha kuwa mmoja wa wasichana waliofundishwa na marehemu zamani, kwenye nyumba za wachuma chai. "Huyu mama alituandaa," akasema. "Dunia ilipokuja kutupiga ilikuta tumejipanga." Watu walipiga makofi, mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Mimi niliinuka nikatoka, nikazunguka nyuma ya hema mahali chakula kilipokuwa kikipakuliwa, nikashika ndoo tupu kwa vile sikujua nishike nini. Yule mama hakuwa amedanganya. Alikuwa amesema nusu, na nusu iliyobaki nilikuwa nimeibeba mimi, peke yangu, kwa miaka thelathini.

Mwaka wenyewe ni 1994. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na tangu Novemba nilikuwa nimepelekwa kwa Senge nje ya mji wa Kericho ningoje matokeo nikimsaidia kuchuma. Alikuwa mjane, mchumaji wa siku nyingi, na alipewa chumba kimoja na jiko katika safu ya nyumba tulizoziita laini. Kuta zilizogawanya nyumba hizo hazikufika juu. Aliyejenga aliona matofali yakitosha usawa wa kichwa cha mtu, kisha akaacha nafasi wazi hadi kwenye bati, na kupitia nafasi hiyo tuliishi wote pamoja, tupende tusipende. Tulijua nani anakohoa, nani ameunguza mboga, nani anamwomba Mungu nini. Jumamosi mchana, wanaume wakitoka kunywa, tulijua pia nani anapigwa. Sauti ya kwanza ilikuwa kiti. Baadaye kidogo ilikuja sauti nyingine, nzito, isiyofanana na kitu kingine chochote, na ukiisikia mara moja hutaulizia tena ni nini. Radio za jirani ziliongezwa sauti. Senge hakuwa na radio. Yeye aliacha kusonga ugali, mwiko mkononi, akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatoa maoni. "Huyu amekimbilia jikoni," alisema siku moja kuhusu mama wa nyumba ya nne. "Mjinga. Panga iko jikoni." Tulikula. Nakumbuka ilikuwa mboga ya saga iliyolazwa kwa maziwa, tamu sana, na nakumbuka kwamba nilikula nikamaliza.

Mafunzo yalikuwa Jumapili, baada ya kanisa, katika jiko hilo hilo. Akina mama wa laini waliwaleta mabinti wao wakishaposwa, na Senge aliwapokea watatu, wanne kwa wakati mmoja. Mwanzo wa somo ungemfurahisha mchungaji yeyote. Tulifundishwa kusafisha kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet, kugandisha maziwa ya mursik mpaka yawe na rangi ya majivu, kumpokea mama mkwe bila kumtazama machoni. Baada ya hapo Senge alifunga mlango, akamtuma mmoja wetu aweke ndoo nyuma ya mlango, akachukua mwiko mkubwa wa kusongea. Alitupiga kwelikweli, bila mchezo wowote. Alisimama mbele yako, akainua mkono, na kabla hujajua ulikuwa umepata moja ya bega na nyingine ya mbavu. "Kichwa ndani," alisema. "Weka hiyo kichwa kwa kifua. Mkono yako mbele, hivi. Usimpatie uso. Uso ni ya kwenda soko." Ukisogea upande usiofaa uliongezwa. Alitufundisha tusifunge kitambaa shingoni mahali mtu anaweza kukishika. Alitufundisha kujua mlango unafunguka upande gani kabla ya kujua mume anapenda chakula gani, na kulala upande wa mlango. Ukiwa na mtoto mgongoni, usigeuke hata ufanyweje, mpe mbele yako, maana mbele ni yako na nyuma ni ya mtoto. Lakini juu ya yote alitufundisha kunyamaza. Aliyesema "woi" alirudia zoezi kutoka mwanzo. Nimeona msichana akirudia mara sita, machozi yakimtiririka, midomo imefungwa, na alipofaulu Senge alimpakulia chakula cha kwanza.

Nilimchukia kwa ajili ya Jumapili hizo, na niseme pia kwamba nilitaka sana anisifu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana. Binti yake mwenyewe, Chebet, aliyenizidi mwaka mmoja, ndiye aliyesifiwa. Chebet alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mapengo mawili ya mbele yaliyomfanya aonekane kila wakati yuko karibu kucheka, na alijua kupigwa kuliko sisi wote. Mwiko ukishuka alikuwa ameshajikunja, kichwa ndani, mikono mbele, kimya kabisa. Baadaye tukiwa kwenye chai, vikapu mgongoni, aliniigizia mama yake mpaka nyapara akatufokea. "Wewe Cherono, uso ni ya kwenda soko," aliniambia, "lakini yako hata soko itaikataa." Tulicheka tukikata majani, mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, na mabega yetu yaliuma pale kamba ya kikapu ilipogusa mahali mwiko ulikuwa umepita.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyempinga Senge, naye ni jirani yetu wa ukuta, Mama Kemunto, Mkisii aliyekuja kuchuma chai tangu ujana wake. Tulipokuwa pamoja tuliongea Kiswahili chetu cha laini, na ni kupitia ule uwazi wa juu niliwasikia wakibishana, kila mmoja akiwa jikoni kwake anasonga ugali wake. "Mama Chebet, hawa watoto unawaharibu," Mama Kemunto alisema. "Kwetu mwanamke akipigwa anapiga nduru, mlima yote inasikia. Kesho huyo bwana ataona aibu kupita kwa barabara." Senge akamjibu bila kupandisha sauti. "Nduru ndiyo inaonyesha watu mahali uko. Wewe umesahau?" Upande wa pili mwiko ulisimama. "Sijasahau," Mama Kemunto akasema. Nilielewa walichokuwa wakikizungumza, kila mtu pale angeelewa. Miaka miwili nyuma, wakati watu wetu na watu wao walikuwa wakichomeana nyumba, Senge alimficha Mama Kemunto na watoto wake wawili chini ya kitanda chake kwa siku tatu, magunia ya mahindi mbele. Vijana wenye mishale waliingia mchana, wakaketi juu ya kitanda hicho, wakaomba maziwa, wakanywa. Chini yao mtoto wa miaka minne alikuwa ameuma mkono wa mama yake ili asilie. Katika safu iliyofuata msichana mmoja alipiga kelele alipoona moshi, na kelele hizo ndizo zilizoleta watu mlangoni kwao. Senge alimwona alivyoletwa nje. Hakuwahi kutuambia aliona nini, ila tangu siku hiyo ndipo Jumapili zilipoanza, na ndipo "woi" ilipoanza kuadhibiwa. Kwa hiyo mtu asifikiri aliyatoa mafunzo yake katika ukatili. Aliyatoa katika kitu kimoja kilichowahi kufanya kazi, na akadhani kitafanya kazi kila mahali.

Chebet aliolewa Februari ya mwaka huo, upande wa Longisa, na mwanamume aitwaye Weldon. Tumezoea kuwachora watu wa aina hii wakiwa walevi wenye macho mekundu, basi niwaharibie picha hiyo. Weldon hakunywa. Aliimba besi katika kwaya, aliendesha trekta, alivaa soksi safi, na siku ya mahari aliongea kwa upole hata ng'ombe walionekana kumsikiliza. Nilimwonea Chebet wivu. Mimba ilikuwa tayari ndani, jambo ambalo wazee walijifanya hawajaliona, na mwezi wa Juni alizaa msichana, Chepkoech. Agosti Senge alinituma niwapelekee kibuyu cha mursik, nikae siku mbili, nimtazame mtoto, nirudi na habari.

Nyumba ya Chebet ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, na ndani kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Alikuwa amefunga sweta mpaka shingoni, siku yenye jua kali. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Mchana tulikula sote pamoja, ugali na kuku, na Weldon aliomba kabla ya chakula sala ndefu nzuri iliyomtaja kila mtu kwa jina hadi mimi. Aliniuliza kuhusu matokeo yangu ya mtihani, ambayo yalikuwa yametoka na hayakuwa mabaya, akasema msichana aliyesoma ni taa. Chebet alimwekea maji ya kunawa. Kitu kilichotokea kilikuwa kidogo mno, na kwa muda mrefu nilidhani nimekisahau: maji yalikuwa ya baridi. Weldon aliyatazama, akanawa, akasema asante. Mimi nilikusanya vyombo nikatoka kwenda kuviosha nje, kwenye jiwe lililo karibu na mlango.

Nilikuwa na sufuria mkononi, sabuni hadi kwenye viwiko, niliposikia kiti. Kilichofuata ilikuwa ile sauti nyingine. Nikainua macho. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, na niliwaona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Chebet alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama akimtazama mumewe, kichwa ndani, mikono mbele, na Weldon alikuwa anampiga kwa mpini wa jembe, taratibu, bila hasira yoyote usoni, wakati mwingine akipumzika. Alipiga mikono. Alipiga mapaja. Mtoto hakuamka. Chebet hakutoa sauti hata moja, hata pumzi yake haikusikika. Na mimi, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia halikuwa kukimbia kumsaidia wala kuita mtu. Nilifikiri: anafanya sawa. Nilimkagua kutoka kichwani hadi miguuni nikaona hakukosea mahali popote. Nilijivunia. Baada ya hapo niliinama nikaendelea kusugua sufuria ileile mpaka masizi yote yakatoka. Weldon alipotoka alisimama karibu nami, akanishukuru kwa kuosha vyombo, akasema mgeni asifanyishwe kazi.

Jioni Chebet alinipa mtoto nimshike, akafungua sweta ili anyonyeshe, na nikaona. Sitaeleza. "Nimepita mtihani, ama?" akaniuliza, na yale mapengo yakaonekana. Nilimwambia twende nyumbani kesho, tuondoke wote. Alitikisa kichwa. "Nikirudi mama atasema nimeshindwa. Na wewe usimwambie. Akijua ataniona ni mimi nilikosea mahali." Akanishika kidole akakikunja, kama tulivyofanya tukiwa watoto tukiwekeana siri. "Mwambie niko sawa. Mwambie silii." Niliporudi laini Senge alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua uso. "Anaendeleaje?" Nikasema yuko sawa. "Analia?" Nikasema, "Halii, Senge." Aliinamisha kichwa mara mbili kukubali, na nikaona kuwa amefurahi, akanipakulia chakula kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Jumanne ya Oktoba tulipoitwa kutoka kwenye chai. Nyapara alikuja akipita kati ya safu, kofia mkononi, na kwa mtu wa kazi ile kuvua kofia tu kulitosha kutuambia kuna kifo. Senge aliteremsha kikapu chake, akakiweka wima kwa uangalifu majani yasimwagike. Watu wa Weldon walikuwa wamesema Chebet aliteleza kwenye mawe ya mto akiteka maji. Tulikwenda watatu kumwosha, Senge, Mama Kemunto na mimi, katika chumba cha hospitali chenye sakafu ya saruji na bomba lililovuja. Senge alimfunua binti yake, akausoma mwili ule kuanzia juu kwenda chini. Mikono ilikuwa na alama juu ya alama, nyeusi, kijani, njano, za wiki hii na za mwezi uliopita. Mapaja vivyo hivyo. Usoni hakuwa na kitu. Uso wa Chebet ulikuwa safi, ungeweza kwenda nao soko. Pigo lililomuua lilikuwa kisogoni. Senge alipitisha vidole pale, akarudia, nami nikamwona akihesabu jinsi ilivyokuwa: kwamba mtoto hakuwa mgongoni, alikuwa amelala kitandani, kwamba alilia, na Chebet aligeuka kumchukua.

"Majirani wanasema hawakusikia kitu," Senge akasema. "Nyumba tatu karibu. Hakuna mtu alisikia."

Mama Kemunto alikuwa anakamua kitambaa. "Wangesikia nini?" akasema. "Ulimfunza asisikike."

Senge alimpiga. Alimpiga kofi la uso, na la pili, na alipoinua mkono wa tatu Mama Kemunto hakujikunja, hakuinama, alisimama damu ikimtoka puani akamtazama. Halafu akafungua mdomo akapiga nduru. Sijawahi kusikia sauti kama ile kutoka kwa binadamu na natumaini sitaisikia tena. Ilienda, ikarudi kutoka kwenye kuta, milango ikafunguliwa, wauguzi wakaja mbio, wagonjwa wakatoka na blanketi zao, mlinzi akafika na rungu, kila mtu akiuliza ni nani, ni nani anauawa. Mama Kemunto alinyamaza. "Umeona?" akamwambia Senge. "Wamekuja." Senge akaketi chini kwenye sakafu yenye maji, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akilia, mdomo wazi, bila sauti, kwa sababu hata yeye hakuwa amejiachia njia nyingine.

Polisi walikuja, wakaandika, wakauliza kama kuna yeyote aliyewahi kumwona Weldon akimpiga mkewe. Waliuliza nyumbani kwake, wakauliza kwetu, katika jiko la Senge, mimi nikiwa nimesimama na birika. Shahidi alikuwapo. Alikuwa na macho mawili mazima, alikuwa ameona mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, kutoka hatua sita. Kama ningefungua mdomo siku hiyo, ningelazimika pia kusema ni lini niliona, na Senge angejua kwamba Agosti nilimdanganya, na kwamba kati ya Agosti na Oktoba kulikuwa na wiki nyingi za kumrudisha binti yake nyumbani. Nikamimina chai. Polisi walikunywa wakaenda zao, na Weldon alimzika mkewe, akaimba besi kaburini.

Baada ya wiki mbili wanawake wa laini walikwenda kwake. Hakuna aliyeitisha mkutano. Asubuhi ya siku ya mapumziko walitoka tu nyumba kwa nyumba, wamevaa aproni zao za plastiki za kuchumia, kila mmoja na kile alichokuwa nacho: fito, mpini, mwiko. Tulikuwa kumi na wawili, Wakipsigis na Wakisii, na Mama Kemunto alitangulia. Tulimkuta Weldon anaosha trekta. Alituona, akatabasamu, akasema karibuni. Senge ndiye aliyeanza, tena hakusema neno. Alimpiga gotini na alipoanguka sote tukamzunguka. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa na ufito wa mti wa chai uliokauka, na nilipiga mahali popote nilipopata nafasi, na sitadanganya, nilisikia raha, raha iliyonipanda kutoka tumboni, nikafikiri kila pigo linalipia maneno niliyoyameza nikiwa na birika. Tulimvunja mkono. Sikio moja lilichanika. Majirani, wale wa nyumba tatu, walisimama kwenye ua wao wakatazama, na safari hii walisikia kila kitu.

Kisha Senge alishusha mwiko. Tulimwona, tukaacha mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anamtazama Weldon pale chini. Alikuwa amejikunja upande, magoti juu, kichwa ndani ya kifua, mikono miwili mbele ya uso, vizuri kabisa, bila kosa. "Nani amefunza huyu?" Senge akauliza. Akauliza tena, akigeuka kwetu, akitaka jibu kweli. "Nani alimfunza?" Mama Kemunto akamshika kiwiko. "Hakuna mtu anafunzwa hiyo, Mama Chebet," akamwambia. "Mwili inajua." Tulitembea hadi barabara kuu kupanda gari la kurudi, na nusu ya njia Senge alirudia maneno hayo, peke yake, kwa Kipsigis, kana kwamba anayaonja. Miaka yote ile, mwiko wote ule, alikuwa ametufundisha kitu ambacho hata mtoto mchanga anazaliwa nacho, na kile kimoja ambacho hatukuzaliwa tukikijua, yaani kuinuka na kutoka nje ya nyumba ukiwa hai na mtu asikuite mshinde, hakutufundisha, kwa vile hakuna aliyemfundisha yeye.

Jumapili zikaisha. Wasichana waliendelea kuja kwa mwezi mmoja hivi, wakisimama mlangoni na viatu vyao vya kanisani, na Senge aliwaambia warudi kwao. Weldon alipona, akahamia mbali, nasikia akaoa tena. Mtoto tulimchukua. Kuhusu hilo hakukuwa na mabishano, Senge aliingia nyumbani kwa wakwe akamtoa kitandani akaondoka naye, na hakuna mwanamume aliyesimama mlangoni. Alimlea Chepkoech, aliyemwita Kogo, yaani nyanya, kwa namna iliyoshangaza kila mtu aliyemjua. Hakumgusa. Mtoto alivunja vikombe, alitukana wageni, alipiga kelele hadi laini nzima ikalalamika, na Senge akamwacha apige. Watu walisema anamharibu. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, nikaolewa na mtu mpole, nikapata kazi, na kila Desemba nilikuja na sukari na leso, nikaketi jikoni kwake. Mara nyingi nilifika nikiwa nimeamua kusema. Aliniuliza habari za watoto wangu, nikamwambia hawajambo, na tukaendelea na chakula. Mwanamke yule alikuwa ametuandaa kwa kila kitu isipokuwa kumwambia ukweli.

Chepkoech ndiye aliyenikuta nyuma ya hema siku ya mazishi. Sasa ana miaka inayokaribia thelathini, muuguzi, mwenye sauti kubwa ya mtu ambaye hajawahi kukatazwa kuitumia. "Anti, mbona umeshika ndoo tupu?" akaniuliza. Nikaiweka chini. Nikamwambia. Sikujipanga, sikuanzia mbali, nilimwambia kwamba Agosti, mwaka aliozaliwa, akiwa amelala mgongoni mwa mama yake, niliona. Nilimwambia nilichomjibu Senge mlangoni na nilivyowamiminia polisi chai. Nyuma yetu kwaya ilikuwa inaimba na akina mama walikuwa wakigonganisha sahani. Alinisikiliza hadi mwisho, uso wake ukibadilika rangi.

"Na kwa nini unaniambia leo," akasema, "siku Kogo hawezi kusikia?"

"Kwa sababu nilimwogopa," nikasema. "Nilimwogopa yeye kuliko nilivyompenda mama yako."

Nilisimama nikingoja anipige. Ningeshukuru. Chepkoech alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa kimelowa, akakipangusa kwa mkono, akaketi mbele yangu na kungoja niendelee.